Kaburi la Babu Jonasi

Hezron alikuwa akigeuza kahawa aliyoianika uani kwake Isongole, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye posa ya binti yake Angel. Mzee Rabson wa ukoo alikuwa ameisimamisha. Baba wa babu yake Ipyana, mchumba wa Angel, aliitwa Jonasi wa Isongole. Babu yake Hezron pia aliitwa Jonasi wa Isongole. Kama ni mtu mmoja, vijana hao ni ndugu, na ndugu hawaoani.

"Nimeomba cheti cha kifo cha babu kule wilayani Itumba, tujue alikufa lini," Hezron alimwambia jirani yake Erica, muuguzi mstaafu. "Hawana."

"Alifia wapi?"

"Hapa hapa. Msiba ulikaa hapa, watu wakanyoa nywele."

"Sijauliza walilia wapi, kaka. Kaburi umeonyeshwa?"

Hezron akakuna kichwa. Wakaenda kwa shangazi yake, Ruti, binti wa Jonasi.

"Baba alifia Saza, wilaya nyingine, kwenye machimbo ya dhahabu," alisema Ruti. "Habari ilikuja, maiti haikuja."

"Shangazi! Mbona hukusema?"

"Mambo ya ukoo si mnaulizana wanaume?"

Erica akacheka. "Kaka, unamwita Itumba mtu aliyelala Saza. Atakuitikiaje? Kifo huandikishwa wilaya kilikotokea. Na zamani vifo vingi vya vijijini havikuandikishwa serikalini. Kwa hiyo uliza pia kanisa lililomzika. Ila usiende na jina tupu. Beba jina la baba yake, la mkewe, la kijiji chake, na mwaka, hata wa kukadiria."

Hezron alikwenda Saza. Katika kitabu cha mazishi cha kanisa, mchungaji alikuta akina Jonasi watatu. Mmoja tu alitoka Isongole: mwana wa Andongwisye, mume wa Tusekile, kama Ruti alivyomtajia Hezron. Alizikwa mwaka 1948.

Nyumbani, Ipyana alileta cheti cha ubatizo cha babu yake. Huyo alizaliwa mwaka 1953. Jonasi aliyemzaa alikuwa mtu mwingine.

"Labda mtoto alichelewa kuzaliwa," alisema Mzee Rabson.

"Miaka mitano tumboni?" Ruti alimjibu. "Hata tembo hawezi."

Watu wakacheka, na Mzee Rabson mwenyewe akacheka. Posa ikapokelewa siku hiyo.

Kabla ya harusi, familia ilikwenda Saza. Mchungaji akawaonyesha kaburi, wakang'oa nyasi na kusimika msalaba. Ruti alikaa chini, akanyoosha miguu, akamlilia baba yake mahali alipolala.