Ukuta wa Ukumbi wa Rangi

Jambo hili sikusimuliwa. Lilinipata mimi na mdogo wangu.

Saa nne asubuhi mjukuu wangu alinipeleka kukiona kile kiwanda cha nguo cha ufukweni, ambacho siku hizi ni makumbusho. Watu hutoka mbali kuja kupiga picha bomba la moshi na winchi kuukuu za gatini.

"Bibi, leo wewe mtalii," akanitania.

"Mtalii wa magoti mabovu. Nishike mkono."

Mwongoza wageni, kijana mwenye maneno matamu, alituonyesha ubao wa misumari mlangoni. Zamani kila mfanyakazi alitundika hapo kibati chake cha namba akiingia, akakichukua akitoka. Ubao ukibaki mtupu, bawabu alifunga milango.

Tukafika kwenye ukuta wa matofali.

"Nyuma ya hapa palikuwa ukumbi wa rangi. Bomba la mvuke lilipasuka. Kuna binti alijificha humo aibe vitambaa, akafia ndani. Tamaa mbaya, jamani!"

Wageni wakacheka.

Miaka hamsini na miwili mdogo wangu anaitwa mwizi. Mama aliingia kaburini akiamini hivyo, nami nimenyamaza.

Siku ile foleni ya kutoka kazini ilikuwa ndefu, na mimi na mdogo wangu, sote wafanyakazi humo, tulikuwa na mazoea yetu: anayetangulia achukue vibati viwili, mwenzake apite moja kwa moja. "Chukua na changu, wewe mwenye miguu ya twiga," alinitania. Nikachukua. Nilidhani yuko nyuma yangu, kumbe bado ananawa mikono. Bawabu akautazama ubao. Mtupu. Akafunga.

"Hakuiba," nikasema. "Kibati chake nilichukua mimi."

Kicheko kikakatika. Mjukuu akaniachia mkono.

Nikaegemeza paji la uso ukutani. "Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi."

Kisha, ndani ya matofali, sauti ya chini ya msichana wa miaka kumi na saba:

"Dada, umeshatoka?"

Mwongoza wageni akarudi nyuma. Alisikia. Wote walisikia.

"Nimetoka," nikajibu. "Nimetoka, mdogo wangu."

"Haya. Basi usinisubiri."

Yule kijana hasemi tena habari za mwizi. Lakini juzi alinijia nyumbani, hata chai hakunywa. Pale ukutani, chini kidogo ya nilipoegemea, pana duara dogo la unyevu. Wamepaka chokaa mara tatu. Linarudi.

"Bibi," akaninong'oneza, "ukiligusa, ni vuguvugu."