Wifi Alitoa Simu ya Marehemu Mama Nikiwa Kazini

"Simu ya Mama iko wapi?!"

Wifi yangu hakugeuka. Alikuwa ameinama uani, anafua shuka kwenye karai. Shuka langu! Sikumtuma, hakuniomba, na hata siku ya kufua haikuwa ile.

"Wifi, nakuuliza wewe. Simu ya Mama!"

"Nimeitoa," akasema taratibu.

"Umeitoa ukaipeleka wapi?"

"Kwa fundi Miwani. Pale penye lile sanduku la simu kuukuu."

Jamani! Nikashika nguzo ya kamba ya nguo ili nisianguke. Lile sanduku nalijua. Simu ikiingia mle hairudi, inapelekwa kufunguliwa vipande vipande.

"Nani alikupa ruhusa?!"

"Wifi, nisikilize kwanza. Ile simu ilikuwa..."

"Sitaki kusikia! Ile simu ndiyo Mama yangu aliyebaki!"

"Najua. Lakini..."

"Hujui! Wewe hukuzaliwa na yule mama. Ndiyo maana haikuumi!"

Akaliinamia tena lile shuka kwenye maji. Niliona ameufunga mkono wa kulia kitambaa na anafua kwa wa kushoto. Niliona, lakini sikujali. Nilikuwa nimeshatoka getini na ndala mguuni, vumbi la poda ya saluni bado liko kwenye nywele.

Nyie mnaosoma hapa, kabla hamjaniita mkorofi, ngojeni niwaeleze ile simu ilikuwa na nini.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Macho yake yalipoanza kumtupa mkono, hakuweza tena kuandika vipimo vya wateja. Mwingine angeacha kazi. Yeye akaanza kujirekodi! Anampima mteja huku simu imelala juu ya cherehani, anaisemesha utadhani ni mtu.

"Huyu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kiuno ameniambia nipunguze, mimi sipunguzi, kitambaa kisije kikapasuka mbele ya watoto."

Mteja anacheka, Mama anacheka, cherehani inalia. Halafu katikati unamsikia ananiita mimi, "Wewe binti, uji unamwagika huko!" Mambo kama hayo, tele. Miaka yote ya ushonaji wake ilikuwa mle ndani, pamoja na kicheko chake, kikohozi chake na jina langu.

Mama alipofariki nilikuwa nalala nayo sikioni. Namsikiliza tena na tena yule mwalimu wa darasa la kwanza na kiuno chake, nacheka peke yangu, halafu nalia mpaka mto unalowa.

Siku moja skrini ikagoma kuwaka.

Watu waliniambia nimpelekee fundi Miwani. Wifi mwenyewe aliniambia, tena si mara moja. Mimi nikakataa. Niliogopa aifungue, atikise kichwa, aseme imeshindikana. Ikiwa haijafunguliwa, nilijiambia, Mama bado yumo.

Nikaiweka kwenye ile droo yetu. Mnaijua, kila nyumba inayo. Kwetu ilikuwa na ya kaka iliyotumbukia kwenye ndoo, yangu ya zamani iliyokufa na meseji zangu zote, moja ya vibonye isiyo na mfuniko, na chaja ambazo hakuna anayejua ni za nini. Ukiifungua droo inakwama, lazima uingize mkono usukume.

Lakini ya Mama sikuiacha ikae tu. Kila Jumapili nilikuwa naitoa, naifuta, naichomeka chaja, naiweka kitandani kwangu, kisha naenda saluni kusuka. Skrini haiwaki, ila kuna taa ndogo nyekundu pembeni. Ile taa ikiwaka, mimi naondoka na amani. Mgongo wa simu ulipoanza kutuna, nikauzungushia mpira wa nywele ili usifunguke.

Ndiyo. Niliukaza kwa mpira wa nywele.

Na Jumapili hiyo nilifanya kama kawaida yangu. Niliporudi kuchukua chanuo nililolisahau, nikakuta chaja iko sakafuni na simu haipo; mengine ya chumba sikuyatazama.

Haya, turudi njiani. Nilifika kwa fundi Miwani nikihema, jasho linanitiririka. Kibanda chake ni kidogo, meza imejaa skurubu na vioo, na ukutani pale kuna lile sanduku la bati lenye tundu la kupitishia simu.

"Fungua sanduku lako!"

Miwani akainua kichwa.

"Dada, karibu. Kaa kwanza."

"Sikai! Fungua, nataka simu ya Mama yangu!"

"Haimo humo."

"Umeshaiuza?!"

"Haimo humo kwa sababu ile haifai kuingizwa humo," akasema. "Mabaki yake yako pale chini."

Akanionyesha kizingitini. Nikaona sufuria.

Ile sufuria naijua vizuri mno! Ni ya wifi yangu, ile kubwa inayong'aa aliyokuja nayo siku ya harusi, ambayo haruhusu mtu aiguse kwa waya wa kusugulia. Leo imekaa chini vumbini, imejaa mchanga, pembeni imeungua na kuwa nyeusi.

"Hii inafanya nini hapa?"

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwenye shati.

"Mtoto hajambo lakini?"

"Mtoto gani?"

"Kifaranga. Aliyekuwa amelala pale kitandani."

Kifaranga ni binti wa kaka yangu na wifi. Ana tabia hiyo, mchana akisinzia haendi kwa mama yake, anapanda kitandani kwa shangazi yake. Kwangu.

"Wifi yako hajakwambia?" Miwani akauliza.

Hakuniambia... kwa sababu sikumwachia nafasi ya kusema.

Miwani akanieleza alivyoelezwa. Wifi alikuwa anaanika nguo, akasikia harufu chumbani kwangu, kali, inakaba koo. Akakimbia ndani. Simu imetuna, imepasuka, inatoa moshi kando ya kichwa cha mtoto, na shuka limeanza kushika moto. Akamvuta Kifaranga kwa mguu. Akang'oa chaja. Akaikomba simu kwa kizoleo cha taka, ikamwangukia mkononi, akaikomba tena. Akaitumbukiza kwenye chombo cha kwanza alichokiona, akamwagia mchanga uliobaki wa kujengea choo. Na ile sufuria akaibeba, akatembea kwa miguu, mtoto mgongoni, mpaka pale kibandani.

Nilikaa chini bila kuambiwa.

"Betri ikivimba haichajiwi tena, dada," Miwani akasema kwa upole. "Haikazwi kwa mpira. Na haitupwi jalalani wala haitumbukizwi kwenye sanduku. Unaileta mkononi, unaniambia imevimba, mimi najua pa kuitenga. Zikitoka hapa zinakwenda karakana, zinafunguliwa na watu wenye vifaa, madini yake yanatumika tena. Wifi yako alifanya sawa."

"Na sauti?" nikamkatiza. "Sauti za Mama. Zimo, si ndiyo?"

Akavuta kitambaa kilichokunjwa mezani.

"Miwani, niambie zimo."

"Wifi yako naye aliniuliza hilo hilo, kabla hata sijautazama mkono wake. Alikaa hapo ulipokaa wewe, analia. Nimejaribu kila ninalolijua." Akakifungua kile kitambaa. Ndani kulikuwa na kipande cheusi cha ile simu, kimekunjamana. "Hapa ndipo zilipokuwa zinakaa. Pameungua."

"Hakuna namna?"

"Ungeniletea siku ile skrini ilipozima, ningezitoa mchana mmoja. Skrini tu ndiyo ilikuwa imekufa, dada. Ndani ilikuwa nzima."

Ndani ilikuwa nzima.

Jumapili zote zile nilizokuwa naitazama taa nyekundu, Mama alikuwa mle ndani anangoja nimtoe. Nami nilidhani namtunza! Nililia pale mbele ya wateja, sikuona haya. Mwanamke mmoja aliyekuja kubadilisha kioo aliniletea maji, nikashindwa kuyanywa.

Nilirudi nyumbani nimebeba sufuria tupu.

Wifi alikuwa jikoni. Niliipitisha mlangoni nikaiweka sakafuni, nikaingia chumbani, nikajifungia. Sikuwa na uso wa kumtazama. Godoro lilikuwa limegeuzwa upande wa chini, na dirisha liko wazi harufu itoke. Nikalala palepale juu ya godoro lisilo na shuka.

Muda si mrefu, mlango ukagongwa.

"Wifi."

"Ondoka."

"Fungua."

"Nimekwambia ondoka! Niache!"

Nikasikia anakaa chini, mgongo wake unaegemea mlango.

"Wifi, nenda zako tu," nikasema. Safari hii sauti haikutoka vizuri. "Sistahili."

Halafu nikasikia mlio mdogo wa simu... na kikohozi.

Kile kikohozi!

Nywele zilinisimama. Hakuna mtu mwingine duniani anayekohoa hivyo, mara mbili fupi kisha anasafisha koo.

"Mkwe wangu," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Najua uko kazini, utasikiliza ukitoka..."

Mama!

Niliruka kutoka kitandani, nikapiga magoti, nikabana sikio kwenye ubao.

"...Nimegombana na wifi yako, amejifungia. Kisa nini? Kisa nimemwambia ile nywele ya rangi haimpendezi. Sasa amenuna huyo! Mimi magoti haya hayanisimamishi mlangoni. Ukirudi mgongee wewe. Usimseme, kaa tu hapo. Atakwambia ondoka. Usiondoke. Huyo nimemzaa mimi, namjua, akikwambia ondoka ujue anaogopa usije ukaondoka kweli..."

Nilijiziba mdomo kwa mkono.

"...Na siku nikiwa sipo, hiyo kazi nakuachia. Ana mdomo mbaya, roho mbaya hana. Umvumilie mwanangu. Haya, nisije nikasahau, kiuno cha mwalimu nilisema ngapi? Ah, sasa nakuuliza wewe unajuaje! Rudi na chumvi."

Ikaisha.

Nilifungua mlango. Wifi alikuwa sakafuni, macho yamevimba, simu kwenye mkono wa kushoto. Ule wa kulia, kitambaa kilikuwa kimelowa majimaji ya jeraha.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Alinitumia kwenye simu yangu ya zamani."

"Ile... ile uliyompa Miwani?"

"Ndiyo. Kabla sijaitoa nilimwambia ahamishe kila kitu kuja kwenye hii. Halafu akaifuta, tukaitia kwenye sanduku pamoja." Akafuta pua kwa bega. "Sikukwambia kwa sababu kila nikitaja simu unafoka. Na hii... hii nilikuwa naona aibu kukusikilizisha. Inakusema vibaya."

Nilicheka. Naapa nilicheka, na huku nalia, na kamasi zinanitoka.

Mnajua siku ile anaitoa simu yake nilimwambia nini? Nilimcheka mbele ya kaka. Nikasema mwanamke gani anagawa simu yake kwenye sanduku la bati, kwani imemkosea nini? Nikajisifu kwamba mimi cha mtu ninayempenda sikitoi. Kumbe aliyeitoa ndiye aliyebaki na sauti. Mimi niliyeing'ang'ania nimebaki na kipande kimeungua!

"Nisamehe, wifi. Lile neno nililokwambia pale uani..."

"Lile liliniuma," akasema. Hakusema si kitu, na nilimshukuru kwa hilo. "Mimi Mama alinifundisha kushona. Aliniita mkwe mbele za watu, ndani aliniita mwanangu. Iliniuma sana."

"Naomba unisamehe."

"Nimegonga mlango, si nimegonga?"

Kifaranga akatokea na doli lake, akatutazama tumekaa sakafuni.

"Shangazi, kitanda chako kinanuka," akasema.

Nilimkumbatia mtoto yule mpaka akalalamika. Nilimnusa nywele. Nywele zake za upande mmoja, karibu na sikio, zilikuwa zimeungua ncha.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaosoma hapa mmelala na simu mpya mkononi.

Inukeni. Fungueni ile droo inayokwama. Iliyovimba msiichaji, msiibonyeze, msiikaze na chochote. Itengeni mbali na watoto na muipeleke mkononi kwa mtu wa kupokea simu kuukuu, mumwambie wazi kwamba imevimba. Zilizo nzima, toeni kwanza sauti na picha za watu wenu. Wekeni pawili, tumianeni. Kisha zifuteni, mzitoe. Msitupe jalalani, kuna watu huko wanachoma vitu hivi kwa mikono mitupu wapate shaba, na wao wana watoto. Na kama imezima na ndani kuna mtu unayemlilia, mpelekee fundi leo. Usiogope jibu kama nilivyoogopa mimi, kwa sababu jibu zuri lilikuwepo, nikaliacha likaungua.

Siku iliyofuata mimi na wifi tuliimwaga droo yote kwenye mfuko tukaenda kwa Miwani. Ile yangu ya zamani akaichomeka waya, akahangaika nayo sana, ikakataa. Ya kaka ikatoa picha za harusi. Katika moja Mama yuko nyuma, ameshika pini mdomoni, anarekebisha gauni la wifi kwapani.

Mwalimu wa darasa la kwanza na kiuno chake sitawasikia tena. Nimekubali, na inauma kila Jumapili.

Ile sufuria nimeisugua mpaka nikachoka, weusi haujatoka. Nilitaka kumnunulia wifi nyingine, akakataa. Anapikia hiyo hiyo. Na juzi tuligombana tena, kisa chumvi, nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa kishindo.

Sikukaa sana, nikasikia anakaa chini pale nje.

"Ondoka," nikasema.

"Siondoki," akasema.