Kilomita Nne kwa Saa

Shangazi yangu ni fundi magari, na haamini uchawi. Anaamini spana. Nalisema hili mapema ili mjue si mtu wa kutishwa na upepo wa dirishani.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, nami nimempelekea chakula gereji. Mkunga wa mtaani kwetu alikuwa amesimama kando ya gari lake dogo, uso umemparama. Mara mbili wiki ile, akiteremka mlima na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma, breki zilitetemeka chini ya mguu kisha zikamwachia. Mafundi wawili walishabadilisha sensa ya gurudumu la nyuma kulia, ile inayoiambia breki gurudumu linakwenda kasi gani. Taa ya onyo ikarudi kuwaka. Fundi wa pili akamwambia gari lina mtu asiyeonekana, alitupe.

"Jioni hii nina mama wa mapacha," mkunga alisema. "Nisipompeleka mimi, nani?"

"Hulitupi," Shangazi alisema, akavuta jeki.

Akaliinua gari, akalikalisha juu ya stendi, akafungua gurudumu na kulilaza sakafuni. Akachomoa sensa, akasugua kutu kwenye tundu lake kwa msasa, kazi ambayo wale wawili waliiruka. Mimi nilishika mashine ya kupimia, inayoonyesha mwendo wa kila gurudumu. Mistari minne. Sifuri, sifuri, sifuri.

Nne.

"Shangazi," nilinong'ona. "La nyuma kulia linakwenda."

"Si hilo hapo chini?"

"Kilomita nne kwa saa."

Akaja kutazama. Waya ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa popote. Nne. Tano. Nne. Gari haliendi hivyo. Hivyo huenda mtu, kwa miguu, asiye na haraka.

Mkunga alirudi nyuma hadi ukutani. Naona aibu kusema, lakini nilitaka kukimbia nimwache Shangazi.

Shangazi akachomeka sensa mpya. Akakaza bolti. Namba haikubadilika. Hapo ndipo alipopandwa na hasira.

"Sikiliza wewe," alisema, akigonga bodi kwa spana. "Humu wanapita watu kwenda kuzaa. Shuka! Kama ni lazima umfuate mtu, nifuate mimi. Natembea kwa miguu, tutakwenda sawa."

Sifuri. Taa ikazimika.

Mapacha walizaliwa salama, na gari lile halijasumbua tena.

Ila mashine. Tangu siku hiyo, Shangazi akipima gari lolote, chini ya ile mistari minne unatokea wa tano. Nne. Tano. Nne. Wateja wakiuliza, hujibu, "Huyo ni wangu, msimjali." Miaka sita sasa. Amebadilisha mashine mara mbili. Tukimtajia mganga, anatufukuza.

Jumanne iliyopita nilikuwepo. Mstari wa tano ukaanza kushuka. Tatu. Mbili. Sifuri.

Shangazi akafuta mikono, akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

"Umefika?" alisema. "Kaa. Mimi nina kazi."

Akaingia chini ya gari, akaanza kupiga mluzi.

Nilikisogelea kile kiti. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati. Nikaugusa. Ulikuwa na joto.