Habari Tano kwa Saa Moja

Karatasi aliyoifuata Modesta ilikuwa mkononi mwa mwanaume aliyemtangulia kwenye foleni. Steshenari ile ya Maili Moja ilikuwa na nakala moja tu ya mtihani wa zamani wa kuingia kusomea sheria. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikinguruma, na Modesta, ndani ya gauni la kitenge lililonyooshwa vizuri, alikuwa akitetemeka.

"Kaka, ukimaliza niachie hiyo."

"Kumbe na wewe unafanya? Basi sikuachii, mshindani wangu."

"Tafadhali."

Mwanaume yule, Nyanda, aligeuka, akayaona macho yake, akaacha utani. "Unaogopa nini, dada?"

"Saa."

Mwaka uliopita kengele ilimkuta kwenye habari ya tatu. Zilikuwa habari tano ndefu za Kiingereza, na maswali yake, kwa saa moja. Chuo kiliruhusu kujaribu mara mbili tu. Hii ndiyo ya mwisho kwake.

Wakaanza kujisomea pamoja. Jumamosi zikawa za Kisarawe, barazani kwa Kidawa, shangazi yake Modesta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaeni hapo hapo, niwaone."

Nyanda alikulia kijiji cha Janga, kwenye zizi la baba yake. "Ng'ombe wakija kwa mbali huanzi kuwahesabu," alisema. "Unatazama anayeongoza anaelekea wapi. Na habari ni hivyo hivyo. Soma maswali kwanza, halafu tafuta mwandishi anataka nini. Mengine ruka."

"Nikiruka naogopa."

"Hata karatasi unaiogopa, mpenzi?"

"Mpenzi wa nani?" Lakini Modesta alikuwa anacheka, na Kidawa akakohoa kutoka mlangoni.

Jumamosi ya nne Nyanda aliweka simu mezani ihesabu muda. Modesta akainama, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza, neno kwa neno. Muda ukaisha akiwa aya ya pili.

"Toa hicho kidole, Mody! Aliyekufundisha kusoma hivi alikuharibu."

Modesta akakusanya karatasi zake. "Nenda, Nyanda."

"Nimesema nini?"

"Nenda."

Simu ikaita wiki nzima asipokee. Mwishowe akapokea Kidawa. "Wewe kijana! Aliyemfundisha ni marehemu kaka yangu. Alikuwa katekista. Alimwambia neno la Mungu haliachwi hata nukta. Tumemzika Kwaresima hii hii."



Siku ya mtihani, pale Kibaha, Nyanda alimsubiri getini, shati jeupe limemlowa jasho.

"Nisamehe. Sikujua ni baba."

"Ungejua ungesema nini?"

"Ningenyamaza."

Modesta alimtazama, akamrekebishia kola. "Twende. Nikikaa hapa nitakimbia."

Ndani, aliketi akiitazama saa ya ukutani. Alianza habari ya kwanza kama alivyozoea, na alipoinua kichwa, wenzake walikuwa wanafunua ukurasa. Aliona mwaka uliopita unarudi, kengele ile ile, kichwa kitupu kile kile.

Baba, alisema moyoni, haya si maneno ya Mungu. Ni maneno ya watu tu. Niruhusu niruke.

Akaenda kwenye maswali kwanza. Akaruka, machozi yakidondokea karatasi, akaruka tena. Kengele ilipolia alikuwa anaweka alama kwenye swali la mwisho la habari ya tano.

Majina yalipotoka, la Modesta lilikuwepo. La Nyanda halikuwepo. Modesta akampigia simu.

"Nimeona, mpenzi. Hongera," alisema Nyanda. "Mimi niliruka sana. Niliruka hadi nilichokuwa nakitafuta."

"Bado una nafasi moja."

"Utakuwa mwanasheria. Utanikumbuka?"

"Jumamosi njoo na karatasi zako, nikufundishe kusoma polepole. Na uje na mjomba wako, azungumze na shangazi."

Modesta akaitazama simu.

"Nyanda? Umekata?"

"Nipo, Mody. Sasa ndiyo naogopa."