Sauti ya Mstari wa Nne

Duka la kuchapa na kudurufu lilifurika watu mchana ule. Wenye fomu, wenye picha za vitambulisho, wenye simu zilizopasuka vioo, wote walikuwa wakisukumana kwenye kaunta moja. Mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani na skafu nyeupe shingoni alipenya kwa viwiko mpaka nyuma ya ukuta wa mbao. Huko aliketi jamaa mrefu ambaye duka zima lilimwita Fundi, na mali yake ilikuwa kompyuta kuukuu, gitaa na maikrofoni moja.

"Karibu, dada. Sema kwa sauti, hapa kelele."

"Hii ndiyo sauti yenyewe."

Ilitoka kavu, imekwaruza kama mlango wa bati. Fundi alitaka kutania, akayaona macho ya mgeni, utani ukamkauka mdomoni.

"Basi nitasogea mimi," alisema, akavuta kiti karibu.

Mambo yao yalianzia hapo. Wengine huanzia kwenye maua, hawa walianzia kwenye kiti cha plastiki.

Zamani mwanamke huyu aliimba kwenye sherehe, na watu walimwita Chiriku. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa koo, sauti isirudi. Nyumbani aliwadanganya kwamba daktari kamwambia aipumzishe tu, asitamke neno, na kwamba wangeisikia siku ya harusi ya mdogo wake, wiki mbili zijazo. Ukweli ulikuwa mchungu kuliko hapo. Jumatatu baada ya harusi angepasuliwa tena, na safari hii hata ule mkwaruzo ungekwenda. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake amsikie Chiriku wa zamani kwa mara ya mwisho. Akaandika maneno yake kwenye simu, akili bandia ikamtungia nyimbo kumi na moja, na katika hizo mmoja ulikuwa na sauti iliyofanana na yake kabisa.

"Ubaya wake," alinong'ona, "unatamka maneno kama mgeni aliyeshuka jana. Na ngoma zake zinagonga kama masufuria yanayoanguka."

"Tutaupasua. Uimbaji huku, vyombo kule. Programu ninayotumia ni ya bure, lakini usiidharau. Hata hewa ni ya bure."

"Wewe maneno mengi."

"Si unaniachia zamu zako za kusema?"

Alicheka, akashika koo kwa maumivu.

Wakaanza kazi. Kwenye kioo cha kompyuta kila sauti ilikuwa na mstari wake. Fundi alizitupa ngoma, akapiga gitaa yeye mwenyewe, akawa anaukatakata uimbaji wa mashine silabi kwa silabi. Lakini hakujua maneno yaangukie wapi.

"Niimbie mwenyewe," alisema siku ya tatu.

"Mimi? Unanitania."

"Ya kunionyesha njia tu. Nitaiweka mstari wa nne, tukimaliza naizima. Hakuna atakayeisikia."

"Apa."

"Naapa."

Akaimba. Mkwaruzo ulipanda, ukakwama, ukapanda tena, na Fundi akajifanya anarekebisha waya ili machozi yasionekane. Tangu siku hiyo hakuwa na lake.

Simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Sema tena."

"Nimekula! Una nini wewe?"

"Naipenda hiyo 'nimekula' yako."

"Utaniua kwa kicheko, na kucheka kunaniuma."

"Basi nuna. Ukinuna pia nakupenda."

Mara mbili Chiriku alitaka kumwambia habari za Jumatatu. Mara mbili aliishia kumwambia alale salama.

Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Fundi alikuwa nyuma kwenye spika, na wimbo aliokuwa ameumalizia peke yake usiku. Bibi harusi aliingia na gauni jeupe linaloburuta, gitaa likalia, na sauti tamu ya Chiriku ikatoka kwenye spika. Mama yake alifumba macho, akatabasamu. Chiriku alimtazama na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Ilikuwa imewezekana!

Kisha ukaja ubeti wa pili. Chini ya ile sauti tamu ilichomoza nyingine, kavu, inayokwama.

"Jamani, mtambo una mafua leo!" alisema mshereheshaji.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alifumbua macho, akaitazama ile skafu, akanyanyuka huku ameshika meza.

"Mwanangu! Kumbe hivi ndivyo ulivyobaki?"

Akalia mbele ya wageni mia mbili. Chiriku akatoka kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi.

Fundi alipiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikapokelewa.

"Mpenzi, nisamehe. Nilisahau kuuzima ule mstari."

"Ulisahau."

"Nilichoka, nikasahau. Niambie nifanye nini, roho yangu."

Chiriku alitamani kumwamini, na kusahau ni jambo la kibinadamu.

"Nitumie kazi yote, na mistari yake. Mdogo wangu apate wimbo safi."

"Nitausafisha mimi..."

"Nitumie."

Asubuhi ya Jumapili aliiweka ile programu ya bure kwenye kompyuta ya mdogo wake. Wiki mbili za kukaa kando ya Fundi zilikuwa zimemfundisha vya kutosha. Aliufungua wimbo, akautafuta mstari wa nne, akajikuta amesimama.

Ubeti wa kwanza wa mstari ule ulikuwa umezimwa. Wa pili peke yake ndio ulioachwa. Tena haukuachwa hivihivi. Palipokwama palikuwa pameinuliwa kidogo, na kila alipovuta pumzi pumzi ilikuwa imekatwa, kingo zikalainishwa. Alizihesabu. Mtu aliyesahau kuzima taa haifuti vumbi kwanza.

Alimkuta Fundi kwenye kile chumba, duka limefungwa, amevaa shati la jana.

"Pumzi ishirini na tatu," alisema.

Fundi hakuuliza pumzi zipi.

"Ilikuchukua saa ngapi?"

"Nne."

"Kwa hiyo hukusahau."

"Sikusahau." Aliinamisha kichwa. "Niliona ni nzuri. Niliona wakiisikia watakupenda hivyo ulivyo. Niliona..."

"Uliona, uliona! Mimi sina macho? Uliniapia, Fundi! Kesho napasuliwa tena. Nikiamka, hata huu mkwaruzo haupo. Nilikuwa na siku moja ya kumuaga mama nipendavyo mimi, ukaniamulia."

Fundi aliketi sakafuni.

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Hilo kosa langu. Hili lako." Alionyesha kompyuta. "Futa."

"Chiriku, kama kesho... hii ndiyo pekee iliyopo."

"Najua. Futa. Na kwenye pipa la taka la kompyuta."

Fundi aliufuta mstari ule, na wimbo uliopigwa harusini. Akamwaga na pipa. Chiriku akafungua kompyuta ya mdogo wake aliyokuja nayo, akafuta nakala yake pia, na sasa sauti ile haikuwa popote duniani ila kooni mwake. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Fundi alitaka kumshika, akajizuia. Alikuwa amejifunza, ingawa kwa kuchelewa.

"Mama ameniomba nimwimbie," Chiriku alisema baadaye. "Mbele yake sitaweza. Nitaimbia hapa, nimpelekee."

"Nisikate pumzi?"

"Usikate kitu. Niulize kabla ya kugusa chochote."

"Niwashe?"

"Washa."

Aliimba wimbo wote. Ulimkatikia mara mbili, akarudi mara zote mbili. Alipomaliza Fundi alinyoosha mkono azime, akashikwa kifundo.

"Acha. Kuna swali unalizungukazunguka kwenye simu wiki nzima. Uliza."

"Si leo, kipenzi. Na baada ya nililofanya, sistahili. Nitasubiri utoke hospitali."

"Kesho sitakuwa na cha kukujibia. Uliza sasa, nikiwa bado nina hasira na wewe, ujue sikudanganyi."

Fundi alivua hedifoni. Sauti yake yeye mwenye koo zima ndiyo iliyokwama.

"Utakubali nikuoe?"

Chiriku aliisogelea maikrofoni mpaka midomo ikaigusa.

"Ndiyo," alisema. Akavuta pumzi, akasema tena, "Ndiyo." Kisha mara ya tatu, polepole zaidi. Waimbaji hurudia hivyo, ili fundi abaki na ya kuchagua.