Swichi ya Kamanda Chuma

Risasi ya mwanga ilipita juu ya kofia yake.

Sindano alijilaza kwenye ganda la kituo cha angani, viatu vya sumaku vikiwa vimeng'ang'ania bati. Huku nje hakuna hewa, na mlipuko hausikiki. Akainua bastola yake, Radi Saba, akafyatua mara moja. Ndege ya ulinzi ikapasuka kimya kimya.

"Makao, njia nyeupe."

"Ngao?"

"Bado inawaka."

"Meli ya wagonjwa inaingia sasa. Chuma akizima ngao, adui anaichoma yote. Mtafute. Mmalize."

Mmalize. Walilitamka kirahisi hivyo.

Kamanda Chuma aliongoza askari wa kukodiwa waliolinda kituo hiki. Asubuhi hiyo alikuwa amegeukia upande wa adui. Alikuwa amejifungia na swichi ya ngao katika chumba kimojawapo kati ya mamia.

Chuma alikuwa pia mjomba wake. Ndiye aliyemlea.

Kikosi cha Chuma kilikuwa na desturi moja. Laini ya redio ya aliye nje haifungwi mpaka arudi ndani, ili hata akifa, afe akisikia sauti ya mwenzake. Miaka mingi iliyopita Sindano alitoka kwa mlango wa nje, akaenda kujiunga na majasusi. Hakurudi.

Akafungua laini yake ya zamani.

"Shikamoo, mjomba."

Kilisikika kicheko kikavu.

"Marahaba. Bado unazurura nje tu?"

"Ungeifunga laini."

"Nitaifungaje nawe hujaingia?"

Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kikikohoa. Pampu kuu ya maji. Sindano alikijua chumba kile. Akaanza kutambaa.

"Wamekupa nini, mjomba?"

"Hawajanipa. Wamechukua. Wamewateka vijana wangu wote wa doria. Meli ikifika katikati nazima ngao, nao wanawaachia."

"Na wagonjwa?"

"Siwajui hao."

"Nao wana wajomba zao."

"Umekuwa mhubiri siku hizi?"

"Nani alinifundisha kusali?"

"Mimi. Na kulenga shabaha pia, usisahau."

Alifika. Akabandika bomu la gundi ukutani. Mungu wangu, aliomba, mfanye atoke.

"Mjomba, umevaa kofia ya hewa?"

"Nina shati tu. Humu joto kama tanuri."

"Vaa. Tafadhali."

Pampu ikakohoa.

"Kofia inataka mikono miwili, mwanangu. Mmoja uko kwenye swichi."

"Utoe."

"Vijana wangu je?"

Sindano akaweka kidole kwenye kitufe cha bomu.

"Uko ukutani, sivyo?" Chuma aliuliza taratibu.

"Niko ukutani."

"Basi usikate. Ongea nami."

Meli ilikuwa karibu kufika katikati, madirisha yake yakiwaka. Sindano alianza sala waliyokuwa wakiisali pamoja kabla ya kulala. Chuma akaidakia. Hawakuwa wamefika amina alipobonyeza.

Ukuta ukafunguka. Hewa ikatoka nyeupe kama unga, na Chuma pamoja nayo.

Ngao haikuzimika. Meli ikapita.

"Makao. Amekwisha."

"Safi sana! Rudi upumzike."

"Wale mateka wake?"

"Wa kukodiwa hao. Si kazi yetu."

Sindano alikitazama chombo chake kidogo, kisha taa za kambi ya adui kule mbali.

"Mafuta yangu yanafika kwa adui?"

"Yanafika. Hayatakurudisha. Kwa nini unauliza?"

Akatia risasi mpya kwenye Radi Saba, akaenda kwenye chombo bila haraka.