Kikaango Kisichoguswa na Sabuni

Nyanya iliyooza haipasuki kwa kelele. Inatema tu maji mazito yenye mbegu na harufu ya uchachu, na asubuhi ile iliyatema yote kifuani mwa fundi cherehani aliyesimama katikati ya soko, juu ya gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe.

Aliyebeba tenga lililovuja alikuwa mpishi wa mgahawa wa jirani, mrefu, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Alishika pindo la aproni hiyo akaanza kumpangusa.

"Ondoa hilo tambara, kaka. Linanuka kuliko nyanya yenyewe."

"Samahani, dada. Njoo mgahawani nikukaangie mayai na nyanya, yaishe."

"Mayai sili. Nyanya sili. Pilipili, biringani, viazi mviringo, vyote sili."

"Kumbe unaishi kwa hewa."

Fundi alicheka huku amekunja pua. Mapenzi yao yalianzia hapo, mbegu za nyanya zikiwa bado zimeganda kwenye gauni.

Ugonjwa wake ulikuwa ule wa mwili kujishambulia wenyewe. Kila ulipomzidi, vidole vilivimba na mkasi ukamshinda kushika. Daktari alimpa dawa, kisha wakaondoa vyakula vilivyomchokoza, na mikono ikatulia. Taabu iliyobaki ilikuwa ndugu. Shangazi yake aliyemlea alikuwa akimtilia nyanya kisirisiri, kidogo tu ipate ladha, halafu anaapa kwamba hakutia kitu. Fundi alihama nyumba ile, na tangu hapo hakula kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine.

Mpishi alikijua kisa hicho na kilimuuma. Kilichomshinda ni kifungua kinywa chenyewe: boga, kabichi na bamia, vyote vimechemshwa kwa chumvi mpaka vikalegea, na ule ute wa bamia ukivutika kutoka kwenye bakuli hadi mdomoni mwa mwanamke aliyempenda. Aligeuza uso dirishani.

"Unaniangalia kama nakula konokono," fundi alisema.

"Konokono angalau ana nyama, mpenzi."

"Toka jikoni kwangu."

"Basi niache nikupikie mimi. Mboga hizo hizo, nitaongeza mafuta ya nazi na tangawizi. Sitii kingine, naapa."

Fundi aliweka kijiko chini, akakubali. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa zito kuliko kumpa mtu ufunguo wa nyumba.

Kesho yake mpishi alikuja na kikaango chake cha chuma. Aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, pamoja na amri moja: kisiguswe na sabuni, kipanguswe tu kwa kitambaa, maana ladha inakaa humo. Alikaanga boga, kabichi ikashika rangi kingoni, bamia zikakauka bila ute. Fundi alikula mpaka akalamba kijiko. Wakaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, wakitaniana juu ya jiko, hadi siku simu ilipolia mgahawani.

"Umetia nini?"

"Wapi tena, mpenzi?"

"Kwenye mboga. Vidole vimevimba, hata sindano siwezi kuitunga uzi."

"Sikutia kitu. Haki ya Mungu."

"Shangazi naye huapa hivyo hivyo."

"Mimi si shangazi yako."

"Kweli. Shangazi alinionea huruma. Wewe unaona kinyaa. Unadhani siioni sura yako nikila?"

Simu ikakatwa. Mpishi alipiga tena, haikupokelewa. Hasira zikampanda, maana hakuna kinachochoma kama kuitwa mwongo siku uliyosema kweli. Akarudi kukaanga mayai ya wateja, mwiko ukikigonga kikaango kile kile kwa nguvu, na gamba jeusi likang'oka likaelea juu ya yai. Alilitoa. Likaja jingine. Akazima moto, akachukua kisu, akakwangua.

Chini ya weusi kulikuwa na utando wa kahawia unaonata. Chini ya utando kulikuwa na mbegu za pilipili zilizoungua, maganda ya nyanya, mayai yaliyogeuka gundi, na mafuta ya zamani yenye harufu ya soksi mbichi. Kila alipokipasha moto, uchafu ule ulilainika ukaingia chakulani. Akamkumbuka fundi akilamba kijiko. Akakimbilia sinki na kutapika.

Safari hii fundi alipokea simu.

"Usikate. Nakuja na kitu."

"Maua sitaki."

"Si maua."

Alifika mlangoni akiwa na shati safi, sufuria mpya kwapani na kifurushi cha karatasi mkononi. Fundi alikifungua kwa shida, akaziba pua.

"Nini hii?"

"Ndiyo niliyokuwa nakulisha. Nimeikwangua kwenye kikaango changu. Nilidhani sikutia kitu, kumbe kila kitu kilikuwemo. Najionea kinyaa, mpenzi."

Fundi aliitazama mbegu moja ya pilipili kwa muda mrefu. Miaka yote ile shangazi hakuwahi kumwonyesha alichotia. Akaanza kucheka na machozi yakamtoka.

"Mwanamume gani anamletea mpenzi wake uchafu kama huu?"

"Mpumbavu mmoja. Anataka kukuoa."

Fundi alibandika sufuria mpya jikoni, akamwamuru akate boga, kabichi na bamia, akavichemsha kwa chumvi mpaka vikalegea, kama alivyozoea. Kisha akamsogezea mpishi bakuli.

"Kula."

Ute ukavutika. Mpishi alifumba macho, akameza, akaendelea hadi akakomba bakuli.

"Vipi?"

"Inatia kichefuchefu." Hakutaka tena kumficha kitu.

"Na utakula nami hivi kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Fundi akamfuta ute kidevuni kwa vidole vyake vilivyovimba.

"Pete usinunue sasa hivi," alisema. "Subiri kwanza vidole vipungue."